Hizi asilimia tatu za kadi ni za nani?

Julai 2021, serikali ya Tanzania ilipoanza kukata tozo kwenye miamala ya simu, nchi nzima ilipiga kelele. Mama ntilie, dereva wa bodaboda na mwalimu wa shule ya msingi walijua siku ileile wamekatwa kiasi gani, kwani ujumbe ulioingia kwenye simu ulisema wazi: umetuma kiasi hiki, makato ya kampuni ni haya, tozo ya serikali ni hii. Kabla mwaka haujaisha serikali ikapunguza viwango, na mwaka 2022 ikapunguza tena. Hatuna nia ya kuifufua hadithi hiyo. Tunaikumbusha kwa sababu moja tu, kwamba watu walilalamika kwa kuwa waliona.

Sisi tulio ughaibuni tunakatwa kila siku na hatulalamiki, kwa kuwa hatuoni. Tunazungumzia kadi zinazotolewa na programu za malipo za kwenye simu, zile ambazo vijana wetu wanazo mifukoni na wazee wetu wameanza kufunguliwa na wajukuu. Ukiitumia kadi ya namna hiyo kulipa nje ya nchi uliyoko, au kuilipa kampuni iliyosajiliwa nje, mara nyingi huongezwa ada ambayo kwa kadi nyingi za Marekani na Uingereza hukaribia asilimia 3 ya malipo. Haiandikwi dukani. Haitokei kwenye mashine. Siku mbili tatu baadaye, malipo yanapothibitishwa, unakuta kiasi kilichokwisha kuumuka, nawe unadhani ndivyo shilingi ilivyoamka siku hiyo.

Wapo watakaosema asilimia 3 ni vijisenti. Kwa mtalii anayenunua kikoi Mji Mkongwe ni kweli, ni vijisenti. Lakini wasomaji wetu hawana kadi hizi kwa ajili ya utalii. Muuguzi wa Birmingham analipia kwa kadi ada ya shule ya mtoto wa marehemu dada yake. Mlinzi wa Dubai anawakatia wazazi tiketi za ndege. Chama cha wenzetu katika mji fulani wa Marekani kinakusanya rambirambi kwenye programu ya malipo, kisha mweka hazina anatumia kadi ya programu hiyohiyo kulilipa shirika la ndege la nje lisafirishe mwili. Michango ya msiba huhesabiwa mbele za watu, jina kwa jina, dola ishirini ishirini. Hata hivyo katika malipo ya dola 6,000, dola 180 zinaweza kuondoka bila jina la mtu yeyote kuandikwa daftarini. Na wapo kati yetu ambao, kwa sababu za siasa au za makaratasi, hawawezi kupanda ndege kwenda nyumbani hata mama akiugua. Kwa hao kadi ndiyo mkono pekee unaofika.

Sasa tuulize fedha hizi zinakwenda kwa nani, kwani jibu si lile ambalo wengi wanalidhania.

Ukipitisha kadi kwenye mashine ya duka la Mombasa, benki ya mwenye duka inapeleka madai kwa mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard. Mtandao huo ndio unaogeuza shilingi kuwa dola au pauni, kwa kiwango chake cha siku hiyo. Kiwango hicho kwa kawaida hakiko mbali na cha soko, na kampuni zote mbili hukitangaza kwenye tovuti zao, kwa hiyo yeyote mwenye intaneti anaweza kukiangalia. Kwa malipo yanayovuka mpaka, mtandao huidai benki iliyotoa kadi ada ya karibu asilimia 1. Hapo kazi ya kubadilisha fedha imekwisha, na mwenye kuifanya amekwisha kulipwa. Asilimia 2 nyingine zinazofikisha zile 3 huongezwa na benki au kampuni iliyokupa kadi, ambayo haikubadilisha chochote. Ilipokea hesabu iliyokwisha kugeuzwa kuwa pauni, ikaongeza lake, ikakupelekea wewe.

Na hapo ndipo programu za malipo zinapozidi kulichanganya jambo. Nyingi kati ya hizo, hasa Marekani, si benki. Kadi ya Cash App, kwa mfano, kwa miaka mingi imekuwa ikitolewa na Sutton Bank, benki ndogo ya jimbo la Ohio ambayo wateja wengi hawajapata kuisikia. Geuzeni kadi zenu nyuma msome maandishi madogo. Mteja akiuliza kuhusu makato, kampuni ya programu inaweza kumwelekeza kwa benki, benki ikamwelekeza kwa mtandao wa kadi, na mtandao ukasema, kwa haki kabisa, kwamba wao hawamtozi mteja kitu. Kila mmoja anaongea kweli, na dola 180 hazirudi.

Si kwamba jambo hili halijapata kufika mahakamani. Mwaka 2006 Visa, MasterCard na benki kadhaa kubwa za Marekani zilikubali kutoa dola milioni 336 ili kumaliza kesi iliyodai kwamba zilikuwa zikipanga na kuficha ada za kubadilisha fedha. Hazikukiri kosa. Waliokuwa wametumia kadi zao nje kati ya 1996 na 2006 waliruhusiwa kudai, na kwa yule ambaye hakutaka kuhangaika na makaratasi, njia rahisi ilikuwa dola 25. Kesi hiyo ilisaidia kuifanya ada ya nje ianze kuonekana kama mstari wake kwenye taarifa za kadi nyingi za mkopo. Leo, miaka kadhaa baadaye, tumehamia kwenye programu za simu, ambako baadhi ya kampuni haziweki mstari wowote. Zinaiingiza ada ndani ya kiwango cha kubadilishia. PayPal kwa miaka mingi imekuwa ikiandika katika masharti yake kwamba hupandisha kiwango kwa asilimia 3 hadi 4 juu ya kile cha msingi. Imeandikwa, ndiyo. Ila imeandikwa mahali ambapo mtu haendi mpaka awe amekwisha kuumia.

Utetezi tunaousikia kila mara ni kwamba sarafu hupanda na kushuka, na kwamba mwenye kadi analipia hatari hiyo. Tunawaomba wenye hoja hii watueleze kuhusu Ghuba. Rial ya Oman imefungwa kwa dola, na tangu 1986 haijasogea kutoka dola 2.60 hivi kwa rial moja. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa tangu 1997 kwa dirham 3.6725 kwa dola. Mtoto aliyezaliwa Muscat mwaka ule wa 1986 leo ni mtu mzima mwenye watoto, na kiwango ni kilekile. Lakini Mswahili wa Ruwi akinunua kitu kwa dola kwa kadi ya huko, mara nyingi anatozwa ada ya kubadilisha fedha kama vile rial ingeweza kuporomoka usiku. Hatari iko wapi? Haiingii akilini.

Na haiishii hapo. Kadi nyingi hutoza ada hii hata kama hakuna sarafu iliyobadilishwa. Uko Minneapolis, unakata tiketi ya kwenda Nairobi kwenye tovuti ya shirika la ndege la nje, bei imeandikwa kwa dola, kadi yako ni ya dola, unalipa kwa dola. Bado asilimia 3 inakatwa, kwa hoja kwamba muuzaji amesajiliwa nje ya Marekani. Wengi waliokatwa namna hii wamedhani wameibiwa na shirika la ndege.

Tuje kwenye mtego ambao pengine ni mbaya kuliko yote, kwani huu unamtaka mteja abonyeze mwenyewe. Mashine za kadi na ATM katika hoteli, maduka makubwa na viwanja vya ndege, Afrika Mashariki ikiwamo, huuliza swali linaloonekana la upole: ungependa kulipa kwa shilingi au kwa fedha ya kwenu? Mtu anaona pauni anazozijua, anatulia, anabonyeza pauni. Kwa kufanya hivyo amemnyang'anya Visa au Mastercard kazi ya kubadilisha na kumpa mwenye mashine, kwa kiwango anachokitaka mwenye mashine. Nyongeza ya asilimia kadhaa ni jambo la kawaida hapo, na mwenye duka naye huweza kupata mgawo.

Tufanye hesabu kidogo. Tuchukue dola kuwa shilingi 2,500 za Tanzania ili iwe nyepesi. Mtu amerudi Dar es Salaam kumuuguza mzazi, na ankara ya hospitali ni shilingi 2,500,000, yaani dola 1,000. Mashine inamuuliza, anachagua dola, na tuseme kiwango cha mashine kimeongezwa asilimia 6. Sasa ni dola 1,060. Kadi yake, kwa kuwa hospitali iko nje ya Marekani, nayo inakata asilimia 3 juu ya kiasi kizima hata kama mashine imesema dola. Jumla ni dola 1,091.80. Zaidi ya dola 91 zimekwenda kwa watu ambao hawakumpa mgonjwa hata panadoli. Kwa kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijapandishwa tangu 2009, hizo ni saa zaidi ya 12 za kubeba maboksi. Kama angebonyeza shilingi, na kadi yake ikawa miongoni mwa zile zisizotoza ada ya nje, angelipa dola 1,000 na senti kidogo za tofauti ya kiwango.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mashine ikiuliza, jibuni shilingi. Shilingi ya Kenya ukiwa Kenya, ya Uganda ukiwa Uganda, faranga ukiwa Kigali au Bujumbura. Hata kwenye malipo ya intaneti, PayPal ikiwamo, tafuteni mahali pa kuchagua kadi yako ifanye mabadilisho badala ya programu. Lakini kabla ya kuchagua hivyo hakikisha kadi yenyewe haina ada, la sivyo unakimbia mvua unaingia mtoni.

Kadi zisizo na ada zipo. Capital One ya Marekani haitozi ada ya malipo ya nje kwenye kadi zake za mkopo. Wise, iliyoanzishwa London mwaka 2011 kwa jina la TransferWise, hubadilisha kwa kiwango cha kati cha soko na kuiandika ada yake pembeni kabla hujabonyeza. Waanzilishi wake ni Waestonia wawili. Mmoja alikuwa akilipwa kwa euro huku akiishi London, mwingine alilipwa kwa pauni na alikuwa na mkopo wa nyumba kwao, wakawa wanabadilishana wao kwa wao kwa kiwango cha soko. Ulimwengu ukawasifu kwa uvumbuzi. Waswahili tuliosoma habari ile tulicheka kidogo, kwani nani kati yetu hajapata kumpa jamaa pauni hapa London ili nduguye akabidhi shilingi Kariakoo?

Hatuisemi Wise ili kuitangaza. Ada inatozwa huko nako, na lazima iwe hivyo, kwani hakuna anayefanya kazi ya bure. Tunaisema kwa sababu imethibitisha kwamba ada inaweza kuwekwa mezani na biashara ikaendelea. Na tahadhari inahitajika hata kwa kadi zinazojinadi kuwa hazina ada. Baadhi ya programu zinazopendwa Uingereza na Ulaya huweka ukomo wa mwezi, ukiupita unaanza kutozwa. Baadhi huongeza asilimia mwisho wa wiki, soko la fedha likiwa limefungwa. Na kutoa fedha taslimu kwenye ATM ni hesabu nyingine kabisa, kwani mwenye ATM naye anaweza kudai chake. Harusi zetu ni Jumamosi. Lipieni ukumbi Alhamisi. Maneno haya ya hakuna ada tumeyazoea kwenye mabango ya maduka ya fedha ya viwanja vya ndege, ambako kweli hakuna kamisheni, lakini kiwango chenyewe kinatisha.

Jambo hili limekuwa zito zaidi mwaka huu kwa walioko Marekani. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilileta kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi hiyo, kuanzia Januari 1, 2026, pale mtumaji anapolipa kwa fedha taslimu, hundi ya benki au hundi za namna hiyo. Anayelipa kutoka akaunti ya benki ya Marekani, au kwa kadi ya benki au ya mkopo iliyotolewa humo, haguswi. Tunawaona jamaa ambao kwa miaka mingi walipanga foleni na noti zao kwenye dirisha la wakala sasa wanauliza kuhusu kadi na programu. Ni sawa. Lakini watofautishe mambo mawili. Kulipa kwa kadi kampuni ya kutuma fedha iliyo Marekani ni jambo moja. Kuichukua kadi hiyo na kuilipa moja kwa moja hospitali ya Nairobi au chuo cha Kampala ni jambo jingine, na hapo ndipo mtu aliyekimbia asilimia 1 anapokutana na 3.

Kuna kitu kingine kinachotushangaza hapo. Tangu Oktoba 2013, chini ya kanuni zilizotokana na sheria ya Dodd-Frank, kampuni inayotuma fedha kutoka Marekani inalazimika kumwonyesha mteja, kabla hajalipa, ada, kiwango cha kubadilishia na kiasi kitakachopokelewa. Ndiyo maana ukitumia programu za kutuma fedha unaona hesabu yote kwenye kioo. Fedha ni ileile, simu ni ileile, na anayeipokea nyumbani ni mtu yuleyule. Lakini ukiacha kutuma na kupitisha kadi, haki ya kuona kabla inatoweka. Hatuoni sababu ya kiufundi. Simu inayoweza kukuambia ndani ya sekunde moja kwamba umenunua kahawa inaweza kukuambia pia kwamba kahawa hiyo imekatwa kiasi gani.

Ulaya wamekwisha kuithibitisha. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2019/518 inawalazimu wenye mashine na ATM kueleza nyongeza yao kama asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya, na tangu 2021 watoaji wa kadi wanapaswa kumpelekea mteja ujumbe wa kumweleza gharama ya kubadilisha. Lakini kanuni hiyo inahusu sarafu za Umoja huo. Mkongo anayeishi Copenhagen akilipa kwa euro mjini Berlin, simu inampa taarifa. Akilipia dawa Bukavu au Mombasa, kimya. Yaani aliyekusudiwa kulindwa ni yule anayekwenda likizo Hispania, na sisi tunaolipia matibabu ya wazazi tukasahaulika, pengine bila hata nia mbaya.

Madai yetu ni mepesi. Programu za malipo zionyeshe, kabla mteja hajathibitisha malipo ya intaneti, kiasi kwa shilingi, kiasi kwa fedha yake, na ada kama mstari unaojitegemea. Kwa malipo ya dukani, ujumbe uleule unaokuja sekunde ileile uitaje ada hiyo kwa jina lake. Malipo yakifutwa, ada irudi pamoja nayo. Si haki mtu arudishiwe nauli ya safari isiyofanyika huku asilimia 3 ikibaki kwa mwenye kadi kama ukumbusho.

Serikali zetu nazo zisijifiche nyuma ya kampuni za kigeni. Mashine zinazouliza lile swali la upole zimewekwa na benki zilizo chini ya Benki Kuu ya Tanzania, Benki Kuu ya Kenya na wenzao. Machi 2025 Tanzania ilipiga marufuku kutangaza bei na kulipwa kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, kwa lengo la kuilinda shilingi. Nchi iliyoweza kumwambia mwenye duka aandike bei kwa shilingi inaweza kumwambia mwenye mashine aonyeshe kwa asilimia anaongeza kiasi gani juu ya kiwango cha Benki Kuu. Na isiishie kwa wageni na wanadiaspora. Tangu Safaricom na Visa walipoleta M-Pesa GlobalPay nchini Kenya Juni 2022, kijana wa Kisumu anaweza kulipia masomo ya intaneti au tangazo la biashara yake Facebook kwa kadi isiyoshikika. Naye anastahili kuona kiwango alichobadilishiwa kikiwekwa sambamba na cha Benki Kuu ya nchi yake, kabla ya kubonyeza.

Vyama vya wanajumuiya vinaweza kuanza hata bila kusubiri serikali. Mweka hazina anayesoma mapato na matumizi aongeze safu moja kwenye daftari, aiite makato ya kadi, aijaze kila malipo. Katika chama kinachosafirisha miili na kulipia ada za yatima, safu hiyo ikisomwa mbele ya wanachama mara mbili tatu, kikao chenyewe kitaamua kubadili kadi.

Nasi tunawaomba wasomaji wenye taarifa za malipo waliyofanya nyumbani kwa kadi za programu, za nchi yoyote, watutumie nakala wakiwa wamefuta majina na namba za kadi, wakibakisha tarehe, kiasi cha shilingi na kiasi walichokatwa. Tutazipanga kampuni kwa kampuni, tukiweka pembeni kiwango cha Visa au Mastercard cha siku hiyohiyo.